Cover na coverage: sio kila kitu kinafunikwa kama sufuria

"Shikamoo mwalimu. Mimi natafsiri kazi ndogondogo za mashirika hapa Morogoro, kingereza kwenda kiswahili na mara mojamoja kinyume chake. Mwezi uliopita nilipewa ripoti yenye mambo ya chanjo, misitu na bima ya kikundi cha wakulima. Kila nilipokutana na 'cover' au 'coverage' nikaandika kufunika, kifuniko, ufunikaji. Ikarudi imejaa wino mwekundu. Nikarekebisha, ikarudi tena. Mhariri kaandika tu 'cover na coverage sio sawa', hajaeleza. Rafiki yangu mmoja anasema cover ni ya Waingereza na coverage ni ya Wamarekani, basi. Mwingine anasema coverage ni wingi wa cover. Afu juzi kikundi kikanituma niandikie kampuni ya bima kuhusu pikapu yao, nikaandika 'please give us a coverage', jamaa akanijibu 'what cover do you want?' nikajiona mjinga. Naomba unieleweshe taratibu, manake kamusi zote nimefungua zinaniambia funika, funika, funika."

Marahaba mdogo wangu, na pole na wino mwekundu. Kwanza nikwambie hujawa mjinga, hiyo meli tumeipanda wengi. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilikutana na 'media coverage' nikaandika bila aibu "kifuniko cha vyombo vya habari", nikaipeleka kwa mzee aliyekuwa anatuhariri. Hakunigombeza. Aliandika pembeni kwa penseli, "sufuria iko wapi?" Mpaka leo nikiona hilo neno nasikia sauti yake.

Kwa jinsi nilivyokusoma, tatizo lako sio kwamba hujui kingereza. Unajua. Tatizo ni kwamba umeshika kitenzi kimoja cha kiswahili ukakibebesha mizigo yote, wakati sisi mizigo hiyo tuna watu tofauti wa kuibeba. Mwingereza ana 'cover' moja, anaitumia kwenye chungu, kwenye kitanda, kwenye bima, kwenye habari, kwenye mvua ya risasi, kwenye kumshikia mwenzako zamu kazini. Sisi chungu tunafunika, kitanda tunatandika, nyumba tunaezeka, mtoto anayesikia baridi tunamgubika, aibu ya mtu tunaisitiri, hatari tunajikinga nayo, mawingu yenyewe yanatanda, na habari tunaziripoti. Kamusi ndogo haina nafasi ya kukwambia yote hayo, inakupa funika inaendelea na neno linalofuata.

Sasa tuje kwa marafiki zako. Huyo wa pili, anayesema coverage ni wingi wa cover, mwambie hapana kwa upole. Wingi wa cover ni 'covers', imeisha hiyo. Coverage haina wingi kabisa kwenye kingereza cha kawaida, haihesabiki, ndo maana "a coverage" yako ilimshtua jamaa wa bima. Ni kama mtu aseme "naomba maji moja". Tunaelewa anachotaka ila tunacheka kidogo. Wamarekani wa bima utawakuta wanaandika 'coverages' kwenye makaratasi yao, hiyo ni lugha ya fundi na fundi mwenzake, usiige. Huyo rafiki wa kwanza, wa Waingereza na Wamarekani, ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo iko kwenye bima tu, nitafika hapo.

Tuanze na kitu ambacho unakijua tayari ila hujui kwamba unakijua. Ukienda kununua gari la mtumba unauliza nini? Unauliza maileji. Hujauliza maili moja iko wapi, unauliza jumla, gari limetembea kiasi gani mpaka leo. Maili ni kipimo kimoja, maileji ni mwendo wote ukijumlishwa. Fundi umeme naye anakwambia volteji, sio volti, anapotaka kusema nguvu iliyopo kwenye waya. Hako kamkia ka mwisho kametoka Kifaransa, kakaingia kingereza, na kazi yake moja kubwa ni kuchukua kitu au kitendo na kukigeuza kuwa kiwango chake, au jumla yake, au mpaka kinapofika. Sio kila neno lenye mkia huo liko hivyo, 'village' ni kijiji tu usianze kukipima, lakini kwa cover na coverage kanuni inashika vizuri sana.

Kwa hiyo cover ni kile chenyewe kinachofunika, au ile kinga yenyewe. Coverage ni kinafika wapi na kinafikia vingapi. Ukiniuliza kwa kiswahili kitenzi cha cover ni kipi nitakwambia inategemea, lakini ukiniuliza cha coverage nitakujibu haraka, mara nyingi ni kufikia, na kikikataa jaribu kuenea.

Mfano wa dukani. Chukua kopo la rangi ya ukuta, lile la lita 4, soma maandishi ya nyuma. Utakuta neno coverage na pembeni yake namba, rangi nyingi za maji huwa zinazunguka mita za mraba 10 hadi 12 kwa lita moja, kwa mkono mmoja wa rangi. Hapo hawazungumzii kifuniko cha kopo hata kidogo! Kifuniko ni kile unachokibandua kwa bisibisi. Coverage ni lita yako itafika wapi ukutani. Una chumba cha mita 4 kwa 3, ukuta una kimo cha mita 3, zungusha kuta zote unapata mita za mraba 42, toa mlango na dirisha kama mita 4 hivi, zinabaki 38, mikono miwili ni 76, gawa kwa 10 unapata lita 7 na nusu na ushee kidogo. Makopo mawili yanakutosha. Sasa hebu fikiria mtu ametafsiri ile coverage "ufunikaji: 10", fundi atafanyia nini?

Turudi kwenye ripoti yako, na naanza na chanjo kwa sababu nahisi ndo ilikuumiza zaidi. 'Immunisation coverage' ni hesabu ya kugawanya, waliochanjwa juu, waliotakiwa kuchanjwa chini. Kata ina watoto 1,000 waliolengwa, 850 wamepata, coverage ni asilimia 85. Hakuna kitu hapo kimefunika kitu, hamna shuka. Mimi ningeandika "chanjo imefikia asilimia 85 ya watoto waliolengwa", au kama ni kwenye jedwali, "asilimia ya watoto waliochanjwa". Naona wengi wanaandika "kiwango cha chanjo", sio kosa ila inaweza kukuchanganya na dozi, mama akisoma atadhani ni mililita ngapi za dawa. Na usichukulie hili kirahisi, kwa surua wataalamu wanataka asilimia 95 ya watoto wapate dozi zote mbili ndo ugonjwa ushindwe kusambaa, kwa hiyo msomaji wa ripoti yako anatafuta ile namba, imefika au haijafika. Ukimwandikia ufunikaji umemficha kitu anachokitafuta.

Hapohapo kuna mtego mwingine, 'universal health coverage'. Watu wanakimbilia kuandika bima ya afya kwa wote. Bima ya Afya kwa Wote ni jina la sheria yetu ya 2023, na ni bima kweli, kuna kadi na kuna michango. Ile nyingine ya Shirika la Afya Duniani ni pana zaidi, maana yake kila mtu apate huduma anayohitaji bila kufilisika, na bima ni njia mojawapo tu ya kufika huko. Andika "huduma za afya kwa wote". Ukiweka bima pale ambapo hawajasema bima, umeandika sera mpya mwenyewe.

Misitu sasa, na hapa nakuomba uvumilivu manake kanuni yangu inayumba kidogo. Kwenye ripoti yako nina hakika kulikuwa na 'forest cover' na pembeni yake asilimia. Utaniuliza, mwalimu si ulisema kiwango ni coverage? Nilisema. Lakini watu wa mazingira wanasema cover hata wakiwa wanapima, forest cover, snow cover, cloud cover, kwa sababu machoni mwao kile kitu kipo kimelala pale, msitu unauona, theluji unaikanyaga, mawingu yametanda juu yako, na asilimia ni sifa ya kile kitu. Chanjo ikishaingia mwilini haionekani, inabaki hesabu tu, ndo wakahitaji coverage. Mimi hivyo ndivyo ninavyojielezea mwenyewe na mpaka sasa sijaangushwa. Watu wa hali ya hewa wanagawa anga vipande nane, wanasema mawingu yamechukua vipande vingapi kati ya nane, na bado wanaita cover. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 69, inataka 'tree cover' ya angalau asilimia 10 ya ardhi yote ya nchi. Kiswahili chake usiseme kifuniko cha miti, sema "eneo lenye miti" au "uoto wa miti", asilimia ifuate.

Na kama kikundi chako ni cha kilimo hifadhi utakutana na 'cover crop', hiyo wakulima wameshaipa jina zuri, mazao funikizi, fiwi na mukuna na wenzake. Hapo ndo kitenzi chako kipenzi kinapata haki yake, kwa sababu fiwi kweli linafunika udongo jua lisiupige! Wakisema udongo uwe na soil cover ya asilimia 30 wanamaanisha karibu theluthi ya shamba isibaki wazi, iwe na mimea au mabaki ya mazao. Funika hapo ni sahihi kabisa, wala usikubali mhariri akuondolee.

Nikirudi kwa vyombo vya habari, kilichonitoa aibu mimi. 'To cover a story' ni kuripoti, kufuatilia habari, na waandishi wenyewe mtaani wanasema kukava tukio, wameshalichukua neno. 'Media coverage' ni jinsi jambo lilivyoripotiwa na kwa ukubwa gani. "Mkutano uliripotiwa sana" inatosha. Unaona nimegeuza nomino ikawa kitenzi? Fanya hivyo bila woga, kingereza cha maripoti kinapenda nomino nzitonzito, kiswahili kinapumua kwenye vitenzi. Ya simu ndo nyepesi kuliko zote, 'no network coverage' ni "mtandao haufiki", bibi yako kijijini ameshaitafsiri zamani bila kulipwa.

Ila ukienda upande wa pili, kiswahili kwenda kingereza, kuna shimo. Sisi tukisema msanii fulani jana amefunika, tunamaanisha aliwashinda wote, alitisha. Kuna kijana aliwahi kuniletea tafsiri ya tangazo la tamasha kaandika 'she covered the show', yaani kamgeuza mwimbaji kuwa mwandishi wa habari. Na akisema 'she did a cover' ndo mbaya zaidi, maana yake kaimba wimbo wa mtu mwingine. Na "funika kombe mwanaharamu apite" hiyo ni karibu na 'cover up', lakini angalia, cover up ya kingereza mara nyingi ni uovu, watu wazima wanaficha ushahidi, wakati funika kombe yetu inaweza kuwa ni hekima tu ya kuepusha aibu mgeni aondoke salama. Usizilinganishe kwa macho yaliyofumba.

Acha nikupe na kamoja ka kuburudika, unakumbuka kafyu? Kenya walikaa nayo kuanzia Machi 27, 2020, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Hilo neno nalo ni ndugu wa cover, limetoka Kifaransa cha zamani, maana yake "funika moto", zamani kule Ulaya kengele ilipigwa jioni watu wafunike moto wa jikoni usije ukaunguza nyumba za mbao usiku. Wenzetu wa Bukavu na Bujumbura wanaosema Kifaransa wanalisikia waziwazi kwenye couvre-feu, sisi tumebaki na kafyu tunadhani ni amri ya polisi tu.

Haya, bima. Hapa rafiki yako wa kwanza anapata ile nusu yake. Mwingereza anaita ile kinga yenyewe 'insurance cover', Mmarekani anaiita 'insurance coverage', na wote wako sahihi kwao. Sisi Afrika Mashariki makaratasi yetu ya bima yamerithi kwa Mwingereza, ndo maana una kava noti na sio kitu kingine, na ndo maana jamaa alikuuliza 'what cover do you want?' Hakuwa anakusahihisha. Alikuwa anakuuliza swali la kazi, mnataka kinga ipi, bima ndogo au bima kubwa? Wewe uliona kalamu nyekundu mahali ambapo haikuwepo.

Kwenye kutafsiri mkataba mimi naandika "kinga ya bima" kwa cover, na coverage ikitumika kumaanisha inafika wapi na inaishia wapi naandika "wigo wa bima". Kama mkataba umetoka Marekani, soma sentensi nzima kwanza ujue coverage yao hapo ni kinga au ni wigo, manake wanatumia neno moja kwa yote mawili na hakuna wa kukuamulia isipokuwa sentensi yenyewe. Na tafadhali, 'comprehensive cover' usiandike "bima inayofunika kila kitu". Haifuniki kila kitu. Bima kubwa inagusa gari lako mwenyewe pamoja na madhara uliyowafanyia wengine, bima ndogo inagusa wale wengine tu, lako likipondeka ni lako na fundi wako. Na hata hiyo kubwa ina mambo iliyoyatoa nje, na mara nyingi ina kiasi unachotangulia kulipa mwenyewe kabla ya kampuni kuweka mkono mfukoni. Mteja akisoma neno "kila kitu" kwenye tafsiri yako afu madai yakakataliwa, atakuja kukutafuta wewe, sio kampuni.

Vihusishi navyo nigusie tu. Vumbi ni 'covered with' au 'covered in', bima ni 'covered by' ukitaja mkataba na 'covered for' au 'covered against' ukitaja hatari. Na 'cover for me' ni nishikie zamu, wakati 'cover me' ni nilinde. Hayo yanakaa kichwani kwa kusoma sana, sina dawa nyingine.

Je uendelee mwenyewe au utafute mtu? Kwa ripoti hii, endelea. Pitia kila sehemu yenye moja ya haya maneno, jiulize kitu gani kimefunikwa hapa, kwa nini, na ningemwelezaje mama yangu. Kama hakuna kitu kilichofunikwa, futa funika. Mpigie mhariri simu pia, sio meseji, mwambie akusomee sehemu tatu zilizomkera, dakika kumi zinatosha na wengi wao wakipigiwa wanakuwa wapole kuliko kwenye karatasi. Ila mkataba wa bima wenyewe, ule ambao watu watausaini au utakwenda mahakamani, usiufanye peke yako kwa kuonea huruma bei. Tafsiri ya namna hiyo inatakiwa kupitiwa na kuthibitishwa, BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, wanafanya kazi hiyo, na vifungu vya wigo na vya mambo yaliyotolewa nje akae navyo wakili au mtu wa bima mezani. Ikitokea kampuni imekataa madai na ugomvi ni juu ya maana ya maneno, hapo tafsiri yako haiwezi kuamua, waende kwa TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima Tanzania, na mkataba wa asili mkononi.

Imeili ya pikapu iandike hivi, 'We would like third party cover for our pickup', kama ni bima ndogo, na kama ni kubwa badilisha iwe 'comprehensive cover', hamna 'a' hapo mbele. Afu ukishamaliza aya, ongeza swali moja, 'What does the cover exclude?' Kabla hujaituma lakini waulize kwanza wenyewe wanataka ipi, manake kwenye maelezo yako yote hujaniambia, nahisi na wao hawajakaa wakakubaliana. Nenda na mwenyekiti mpaka ofisini kwa wakala, mbebe kadi ya gari, muwaambie pikapu inabeba nini, mbolea au watu, kwa sababu jibu la hilo linabadilisha bei na linabadilisha kinga yenyewe.